Chupa inayongoja mtoto akue

Italia kuna wazazi ambao, mtoto anapozaliwa, hutafuta chupa chache za mvinyo mwekundu wa mavuno ya mwaka uleule na kuzilaza mahali penye giza. Hazifunguliwi siku ya ubatizo wala siku ya kwanza ya shule. Mtoto akifikisha miaka 18, au akimaliza chuo, au siku ya harusi yake, ndipo kizibo kinapong'olewa. Watu wazima wa ukoo huonja kilichotokea ndani ya kioo kile kwa muda wote ambao mtoto alikuwa akiota meno, akiugua homa, akifeli hesabu na kununiana na baba yake.

Mzazi mwenzangu, huenda nyumbani kwako pombe haiingii, iwe kwa sababu ya imani au kwa uamuzi wenu tu. Makala haya hayakuombi uinywe. Yanataka tutazame jambo moja: kwa nini watu wenye akili zao hulipa fedha nyingi kwa kinywaji kilichozeeka, na ilikuwaje kinywaji hichohicho kikamfanya baba mmoja amnyime mwanawe urithi.

Mvinyo tutakaouzungumzia unaitwa Barolo.

Vilima vya ukungu

Barolo ni kijiji kidogo katika vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, karibu na mji wa Alba. Mvinyo unaobeba jina hilo unaruhusiwa kutoka katika maeneo ya vijiji 11 tu, na kwa aina moja tu ya zabibu iitwayo Nebbiolo. Wengi huamini jina hilo linatokana na neno nebbia, yaani ukungu, kwa sababu zabibu hizi huvunwa Oktoba, wakati ukungu wa asubuhi umeshaanza kujaza mabonde. Mwaka 2014 UNESCO iliyaingiza mashamba ya mizabibu ya Langhe katika orodha ya urithi wa dunia.

Nebbiolo ni zabibu kaidi. Huchipua mapema na huiva mwishoni, baada ya karibu zabibu nyingine zote. Inataka mteremko unaopata jua vizuri, na watu waliojaribu kuipanda katika nchi nyingine mara nyingi hawakupata kile inachotoa pale kwao.

Wasomaji wa Dodoma watashangaa kidogo. Kwetu, ambako kilimo cha zabibu kilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki katika karne iliyopita, mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Msimu mmoja ukimwangusha, mwingine uko njiani. Langhe wanavuna mara moja. Mvua ya mawe ikipiga Septemba, mwaka mzima umekwenda.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 2002. Mvua ya mawe iliharibu mashamba mengi, na baadhi ya wazalishaji wakubwa hawakutoa Barolo kabisa. Mzazi aliyepata mtoto mwaka huo na akatamani chupa ya ukumbusho ilimbidi atafute sana. Waliozaliwa mwaka 1989, 1996, 2010 au 2016 wana bahati yao, maana miaka hiyo husifiwa mpaka leo.

Ukakasi ndio akiba

Umewahi kung'ata bibo la mkorosho ambalo halijaiva sawasawa? Au ndizi mbichi? Ulimi unakauka, mashavu yanajikunja, mdomo unahisi kama umepakwa unga. Hali hiyo tunaiita ukakasi. Chai ya rangi iliyoachwa na majani yake mpaka ikakolea nayo inao.

Kinacholeta ukakasi huo kwenye mvinyo ni tanini, ambayo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Nebbiolo ina tanini nyingi sana, na uchachu wake nao ni mkali. Ndiyo maana Barolo changa inaweza kumkunja uso mtu asiyeizoea. Anayeionja kwa mara ya kwanza ikiwa na miaka mitatu anaweza kudhani ameuziwa kitu kibovu.

Lakini ukali huo ndio unaoufanya mvinyo uishi. Tanini husaidia kuulinda na hewa, na uchachu huulinda na uharibifu. Mvinyo laini tangu mwanzo hufurahisha upesi na huchoka upesi. Mvinyo wenye ukakasi una kitu cha kutumia polepole kwa miaka mingi, kama mtu aliyeanza safari na chakula cha kutosha mkobani.

Ndani ya chupa, chembechembe za tanini na za rangi hushikana taratibu na kuwa kubwa zaidi. Nyingine huwa nzito, zikatua chini kama mashapo. Kadiri zinavyoshikana na kutua, ukakasi hupungua na mdomo husikia ulaini. Rangi nayo hubadilika: wekundu wa ujana hufifia, ukaelekea rangi ya tofali la kuchoma. Harufu ya waridi na matunda mekundu hupungua nguvu na nafasi yake huchukuliwa na harufu za majani makavu, uyoga, ngozi na lami. Ukisikia lami usiogope. Wapenzi wa Barolo huitaja kama sifa.

Hapo ndipo ulipo mvuto wenyewe. Mtu anayekunywa Barolo ya miaka 20 au 30 anakutana na ladha ambayo haikuwamo siku mvinyo ulipotiwa kwenye chupa. Hakuna mpishi aliyeiongeza. Haiwezi kuharakishwa kwa moto wala kwa mashine. Imetokana na zabibu ya mwaka fulani, kilima fulani, na muda ambao watu walikubali kuuacha upite bila kugusa.

Sheria ya kungoja

Waitalia wameuandika muda huo kwenye sheria. Barolo haiwezi kuuzwa kabla ya miezi 38, inayohesabiwa kuanzia Novemba 1 ya mwaka wa mavuno, na katika muda huo lazima ikae miezi 18 au zaidi ndani ya mbao. Ile inayoitwa Riserva hukaa miezi 62, yaani zaidi ya miaka mitano. Tangu 1980 Barolo imo katika daraja la juu kabisa la sheria za mvinyo za nchi hiyo, na chupa zake hubandikwa utepe wa serikali wenye namba.

Muda huo wa sheria ni wa mwanzo tu. Mnunuzi akiifikisha nyumbani, anaweza kuingoja tena miaka 10, 20 au zaidi. Chupa hulazwa ili kizibo cha gome la mti kisikauke na kuingiza hewa. Hutakiwa kuwa gizani, mahali penye ubaridi usiobadilikabadilika wa nyuzi 12 hadi 14 hivi. Juu ya kabati la jikoni, karibu na jiko na dirisha, mvinyo huo unapikika na kufa.

Hapa kuna kosa ambalo watu wengi hulifanya, hata huku kwetu: kudhani kila mvinyo ukikaa unakuwa bora. Sehemu kubwa sana ya mvinyo unaotengenezwa duniani umekusudiwa kunywewa ndani ya miaka michache. Ile chupa uliyopewa zawadi kwenye harusi na ukaiweka miaka 12 kwa heshima, yaelekea sasa ni kitu kilichochoka, kisicho na ladha wala harufu yake ya mwanzo. Umri huufaa mvinyo uliozaliwa na kitu cha kukomaza. Usiokuwa nacho, umri huuondolea hata kile kidogo ulichokuwa nacho.

Nani analipia kungoja?

Ukisikia habari za leo za Barolo, na bei zake, utadhani wakulima wa Langhe walikuwa matajiri siku zote. Sivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili eneo hili lilikuwa la watu maskini. Mwandishi Beppe Fenoglio, mzaliwa wa Alba, alitoa mwaka 1954 kitabu kiitwacho La malora, kinachomhusu kijana wa Langhe anayepelekwa na baba yake kuwa mtumishi katika shamba la watu wengine kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Wasomaji wa huko walijua hadithi hiyo kabla ya kuisoma.

Wakulima wengi hawakuwa na mapipa yao wala chupa zao. Walivuna, wakapeleka zabibu uwanjani mjini Alba, na wafanyabiashara wakapanga bei. Jioni ikiingia, zabibu zikianza kulainika juu ya mkokoteni, mkulima alikuwa hana nguvu ya kubishana. Mkulima wa nyanya wa kwetu anaijua jioni ya namna hiyo.

Waliotengeneza mvinyo wao wenyewe nao walikuwa na tatizo jingine. Barolo inakulazimisha uchume leo, uuze baada ya miaka. Wakati huo wote watoto wanakula, wanavaa, wanaugua. Vijana wakaondoka. Wengine walikwenda Turin kwenye viwanda vya magari vya Fiat. Wengine walibaki karibu, wakaajiriwa na kiwanda cha chokoleti cha Ferrero pale Alba, ambako mshahara ulikuja kila mwezi bila kujali mvua ya mawe. Nyumbani walibaki wazee, na mapipa makubwa ya mbao yaliyorithiwa, mengine yakiwa yametumika kwa miongo mingi.

Baba, mwana na msumeno

Katika kitongoji cha Annunziata, kijiji cha La Morra, familia ya Altare ilikuwa na shamba dogo la namna hiyo. Mwaka 1976 mmoja wa vijana wa familia, Elio Altare, alisafiri kwenda Burgundy, Ufaransa, kuona wenzao wanavyofanya. Alikuta wakulima wenye mashamba madogo kama ya baba yake wakiishi maisha mazuri, wakiuza chupa zenye majina yao wenyewe kwa bei ya juu. Walitumia mapipa madogo mapya ya mwaloni, ya lita 228. Nyumba zao za mvinyo zilikuwa safi. Shambani walipunguza vichala kabla havijaiva ili vinavyobaki vipate nguvu.

Alirudi nyumbani na mawazo yake. Jambo la kwanza lililowaudhi wazee lilikuwa lile la kupunguza vichala. Fikiria mtu aliyekua na njaa, anamwona mwanawe akikata zabibu nzima na kuzitupa chini. Kwa mzee kama huyo, hiyo ni laana. Kwa mwana, ndiyo njia ya kupata zabibu chache zilizo bora na kuachana na bei ya uwanjani.

Baba yake, Giovanni, alikuwa na mapipa makubwa ya zamani. Elio aliyaona machafu na yaliyokwisha kazi, yanayouharibu mvinyo. Baba aliyaona mali ya nyumba. Walizungumza, wakagombana, wakanyamaziana. Mwaka 1983 Elio alichukua msumeno wa mashine akayakata mapipa ya baba yake.

Baba alimnyima urithi. Alifariki mwaka 1985, na wosia haukubadilishwa. Shamba lilikwenda kwa ndugu zake Elio, naye akalazimika kulinunua kutoka kwao baadaye ili aendelee kulima ardhi aliyokulia.

Sasa tupige hesabu kidogo. Kwa sheria ya wakati ule, Barolo ilipaswa kukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuuzwa. Maana yake ni kwamba mvinyo wa mavuno ya mwaka wa msumeno haukuweza kufika sokoni kama Barolo kabla ya mwaka 1987. Giovanni alikuwa amekwisha kufa. Baba alihukumu, mwana akahukumu, na kitu chenyewe walichokuwa wakikigombania kilikuwa bado hakijawa tayari kuonjwa.

Mwaka wa sumu

Machi 1986, Italia nzima ilitikiswa. Watu walianza kufa baada ya kunywa mvinyo wa bei rahisi uliokuwa umechanganywa na methanoli, kemikali iliyotiwa ili kuongeza ukali wa kileo kwa gharama ndogo. Waliokufa walizidi 20, na wengine walipofuka. Uchunguzi ulifika mpaka kwenye mji wa Narzole, jirani kabisa na Barolo. Mvinyo uliohusika haukuwa Barolo, lakini nchi za nje hazikuchagua. Zilisimamisha au kupunguza kununua mvinyo wa Italia.

Wazazi wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa methanoli ni nini. Kenya imewahi kuzika watu wengi kwa pombe haramu yenye kemikali hiyo, na kila mara familia ndizo zinazobaki na yatima na vipofu. Haina rangi wala harufu ya kumtahadharisha mnywaji.

Pigo lile lilibadilisha Langhe. Wakulima walielewa kwamba kuuza kwa wingi na kwa bei ya kutupa ni hatari, na kwamba jina la mtu kwenye chupa ni dhamana. Vijana waliokuwa wakichekwa kwa kutupa vichala wakaanza kusikilizwa. Elio Altare na wenzake wa rika lake, waliokuja kuitwa Barolo Boys, walianza kuuza Marekani na Ulaya. Mvinyo wao ulikuwa laini mapema zaidi, wenye harufu ya vanila inayotokana na mbao mpya, na mnunuzi hakulazimika kungoja miaka 20. Fedha zikaingia. Waliokimbilia viwandani wakaanza kurudi.

Mzee aliyekataa

Katika kijiji cha Barolo chenyewe, Bartolo Mascarello alikuwa akitazama hayo yote kwa kutikisa kichwa. Alizaliwa 1926, na wakati wa vita alikuwa miongoni mwa wapiganaji wa msituni dhidi ya mafashisti. Alirithi nyumba ya mvinyo ambayo baba yake, Giulio, aliianzisha mwaka 1918. Yeye alibaki na mapipa makubwa ya zamani na alichanganya zabibu za vilima mbalimbali kama baba yake alivyofanya. Kwake, pipa dogo jipya lilikuwa kama kumwaga viungo vingi kwenye chakula mpaka nyama isijulikane ni ya mbuzi au ya ng'ombe.

Uzeeni, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa akichora lebo za chupa kwa mkono. Moja ilipata umaarufu kwa kukataa mambo mawili kwa mpigo: mapipa madogo na mwanasiasa Silvio Berlusconi. Bartolo alifariki mwaka 2005. Binti yake, Maria Teresa, ndiye aliyeishika kazi hiyo, na mpaka leo anafuata njia ya baba yake, kwa mapipa makubwa na bila haraka.

Kwa hiyo tuna nyumba mbili. Moja mwana alikata mapipa ya baba. Nyingine binti aliyatunza. Je, nani alikuwa sahihi?

Jibu lilichelewa miaka 20

Kwa muda mrefu watu walibishana sana kuhusu jambo hili, kwenye magazeti ya mvinyo na kwenye meza za vijijini. Kisha chupa za miaka ile ya ugomvi zikaanza kuzeeka. Waonjaji wengi walioziweka pamoja wameona kwamba, katika zilizotengenezwa vizuri, ile harufu ya mbao mpya hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na zabibu na kilima hujitokeza. Zilizotegemea mbao tu zilichoka. Vivyo hivyo kwa upande wa wazee: waliokuwa na mapipa safi na zabibu nzuri walitoa mvinyo unaostaajabisha mpaka leo, na waliokuwa na uchafu walitoa mvinyo mbovu uliojificha nyuma ya neno mila.

Wazalishaji nao walisogeleana. Wengi wa upande wa vijana wamepunguza mbao mpya. Wengi wa upande wa wazee sasa wanapunguza vichala shambani na kusafisha mapipa kwa uangalifu ambao babu zao hawakuujua. Ukiwatembelea leo utakuta wengi wako katikati.

Baba Giovanni alikuwa na haki kuogopa kutupa chakula na kuharibu mali. Mwana alikuwa na haki kuona kwamba mapipa yale yanawaweka katika umaskini. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya jambo, na ilihitaji muda mrefu kuliko umri wa mmoja wao ili sehemu hizo zikutane.

Urithi wenye uzito

Siku hizi tatizo la Langhe limegeuka. Hekta moja ya shamba la Barolo huuzwa kwa zaidi ya euro milioni moja. Shamba ambalo babu alishindwa kulishia watoto sasa linaweza kuwafanya wajukuu matajiri siku moja tu, wakitia saini ya kuuza. Mwaka 2016 nyumba ya Vietti, mojawapo ya majina makubwa ya eneo hilo, ilinunuliwa na familia ya Wamarekani. Ndugu wakiwa wanne, na mmoja anataka kulima huku watatu wanataka mgawo wao, unaweza kubuni kitakachofuata. Ugomvi wa mirathi hauna taifa.

Kwa Elio Altare, kazi sasa inaongozwa na binti yake, Silvia. Familia iliyowahi kuvunjika kwa sababu ya kizazi kimoja kutokukubali njia ya kingine imepata nafasi ya pili ya kukabidhiana kijiti.

Kwa mzazi anayesoma

Kwanza, usalama. Mvinyo, uwe wa kuzeeka au mchanga, ni pombe. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Mjamzito asinywe. Mtoto asionjeshwe, hata kwa mzaha wa sherehe, na chupa zikae mahali asipofika. Hata ile chupa ya mwaka wa kuzaliwa, nchini Italia kwenyewe, ni marufuku kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Pili, yule kijana wako mwenye ukakasi. Anayejibu kwa mkato, anayebishia kila neno, anayetaka kukata mapipa yako. Mara nyingi tunatamani angekuwa laini tangu sasa. Wakulima wa Langhe wangekuuliza kwanza: ana nini ndani yake? Kijana mkaidi anayejua anachokitaka ana kitu cha kukomaza. Kazi ya mzazi ni kumwekea mazingira: ubaridi usiobadilikabadilika, giza la kutosha asitazamwe na kila mtu, na kutofungua kizibo kila siku kuona kama ameshakuwa. Hilo halimaanishi kumwacha atumie msumeno. Maana yake ni kutofautisha ukali wa utoto na ubovu wa tabia, jambo ambalo linahitaji kumjua mtoto kwa karibu kuliko kumlinganisha na wa jirani.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote. Chupa nzuri ya Barolo inaweza kungoja miaka 30. Giovanni Altare alikuwa na miaka miwili tu tangu siku ya msumeno mpaka siku ya mwisho wake, na hakuna aliyejua. Kama kuna neno baina yako na mwanao lililokaa mwaka wa pili sasa, au baina yako na baba yako mzazi aliyeko kijijini, usilingoje jambo lenyewe litoe jibu la nani alikuwa sahihi. Jibu linaweza kuja likute mmoja hayupo. Mpigie simu leo jioni, hata kama mtaanza kwa kuzungumzia mvua.